Ameniambia Mimi, Nifanyeje? Maswali ya Watu Waliokuwa wa Kwanza Kusikia

Kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria, anayefika kwanza mara nyingi si yule aliyetendewa ukatili wa kijinsia. Anakuja shangazi. Anakuja mwalimu wa darasa, mama mwenye nyumba, au fundi cherehani aliyeona alama mgongoni wakati wa kuchukua vipimo vya gauni. Anakaa, anazungusha simu mkononi, halafu anasema: "Kuna mtu kaniambia jambo."

Majibu haya ni ya huyo. Nimekusanya maswali ninayoulizwa kila wiki na kuyajibu kama ninavyoyajibu mezani. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nimezigusa karibu na mwisho.

Amebakwa usiku wa kuamkia leo. Twende kwanza polisi au hospitali?

Saa zinakwenda, kwa hiyo fikiria hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile wahudumu wanazoziita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na anayewahi ndiye anayefaidika zaidi. Akishaanza, anameza kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, P2, vina nafasi mpaka saa 120, ila nguvu yake inapungua kadiri muda unavyopita. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini, na ya pepopunda kama ana jeraha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachosubiri kesi. Mtu mzima anaweza kuamua kutoshtaki leo na bado akatibiwa leo.

Kama kituo cha polisi kiko njiani na ana nguvu za kukaa foleni, pitieni mchukue PF3, fomu ya polisi ya kupelekea kwa daktari. Kama anavuja damu au hawezi kusimama, nyoosheni moja kwa moja, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari, afisa ustawi wa jamii na mnasihi wanapatikana mahali pamoja ili mtu asisimulie habari ileile mara nne kwa watu wanne. Amana ya Dar es Salaam na Mnazi Mmoja ya Zanzibar zimo katika zilizotangulia.

Jambo dogo ambalo watu husahau: beba nguo ya kubadili na kanga. Alizovaa zinaweza kuchukuliwa kama ushahidi, na nimewahi kuona dada akirudi nyumbani kajifunga shuka ya wodi.

Ameshaoga na nguo ameshafua. Kesi imekufa?

Hapana. Kuoga ndilo jambo la kwanza karibu kila mtu analotaka kufanya, na daktari anajua hivyo. Bado anaweza kuona michubuko na majeraha, na bado maelezo ya aliyetendewa ni ushahidi.

Ila kama hajaoga, msihi asubiri apimwe. Nguo zisifuliwe na zisifungwe kwenye nailoni. Unyevu ukibaki ndani, ushahidi unaoza. Tumia bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kila nguo na wake. Sampuli zinazohitaji vipimo vya vinasaba hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na zikifika zimevunda hakuna atakalofanya.

Nimwambie nini? Naogopa kukosea.

Maneno machache yanatosha: "Nimekusikia. Nakuamini. Si kosa lako." Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha.

Maswali ya kuepuka unayajua, maana tumelelewa nayo. Ulivaa nini? Ulikwenda kufuata nini kule usiku? Mbona hukupiga kelele? Hili la mwisho linaumiza kuliko yote kwa sababu hata yeye anajiuliza. Mwili ukitishika huweza kuganda: sauti haitoki, mikono haina nguvu, mtu anajiona kama anaangalia kwa mbali. Kutopiga kelele si kukubali. Pia usishangae habari ikitoka vipande vipande, leo anasema ilikuwa saa mbili, kesho saa nne. Hofu inahifadhi mambo vibaya.

Usimwahidi kwamba jamaa atafungwa. Huna uwezo huo. Usiende kumkabili mtuhumiwa na kundi la vijana, kwa sababu kesho mtakaokuwa mahabusu ni ninyi. Na usipeleke habari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hata kwa nia ya kuomba dua. Muulize: "Wewe unataka kianze kipi?" Mtu amenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, usimnyang'anye na huu mwingine. Habari inabadilika akiwa mtoto, nitalieleza mbele.

Jambo ambalo wengi hawalijui: wewe uliyeambiwa kwanza unaweza kuwa shahidi. Mahakama hupenda kujua alimwambia nani, lini, na kama alimtaja mtu mapema. Kwa hiyo ukirudi nyumbani andika kwenye daftari siku, saa, na maneno aliyotumia kama alivyoyasema. Usiyapambe.

PF3 ni shilingi ngapi?

Bure. Ni fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa daktari. Upande mmoja polisi anajaza, upande wa pili daktari anaandika alichokiona. Mkishatoa taarifa, ombeni pia namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yenu kituoni, na iandikeni mahali, kwa sababu ndiyo mtakayoulizwa kila mkirudi. Piga picha pande zote mbili za PF3 kabla haijarudishwa. Karatasi hupotea, na sisemi zaidi ya hapo.

Namba za kupiga?

Polisi, 112. Kwa mambo ya watoto, 116, simu ya bure inayopokelewa na wanasihi. Rushwa ya ngono, 113 ya TAKUKURU. Kituoni, usieleze mambo yote kaunta mbele ya foleni, sema tu, "Naomba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto." Ni kitengo cha polisi chenye maafisa waliofunzwa kusikiliza kesi hizi faraghani, na una haki ya kuomba askari wa kike.

Tulikwenda kituoni, askari akamwambia "haya ni ya ndani, kayamalizeni na mumeo." Ndiyo basi?

Imetokea, hata mimi nimeketi kwenye benchi hilo. Usibishane kaunta. Omba kumwona mkuu wa kituo. Ikishindikana, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri awaandikie barua, kisha mrudi nayo. Ajabu ya barua yenye muhuri ni kwamba inafungua masikio. Mtendaji wa kata naye anaweza kusaidia, lakini pima kwanza: katika mtaa mdogo, mtendaji anaweza kuwa rafiki wa kijiweni wa huyo mume.

Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria kama mimi tunatambulika rasmi. Hatusimami mahakamani kumtetea mtu, wala hatuchukui hela. Anayekuomba "ya soda" kwa jina hilo, mkimbie.

Mumewe anampiga. Wazee wanasema ndoa ni kuvumilia. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Hiyo ni tangu enzi za Mwalimu, kwa hiyo hakuna mzee anayeweza kusema ni mambo ya Wazungu yaliyokuja juzi na mitandao. Kumpiga mke ni shambulio kama kumpiga mtu baki sokoni, na likiacha madhara mwilini, Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo hadi miaka 5.

Pengo lipo: Bara hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani. Kesi zinasukumwa kwa vipande, shambulio hapa, kujeruhi pale, kutishia kuua kwingine. Ndani ya shauri la ndoa mahakama inaweza kumwamuru mume asimbughudhi mke, hata baada ya talaka, lakini lazima kwanza shauri lifunguliwe.

Kuhusu wazee, sikufundishi kuwatukana. Kungwi na somo wana nafasi yao, na wengine ndio waliookoa watu. Ila "siri ya mtungi aijuaye kata" ilisemwa juu ya mambo ya ndani kweli, si juu ya mbavu zilizovunjika.

Je, mume anaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe?

Jibu linawakera wengi, nami nikiwemo. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Bara, kumwingilia mke bila ridhaa ni ubakaji pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana. Wakiwa wanaishi pamoja, kosa hilo la ubakaji halisimami. Hii haina maana kwamba hakuna la kufanya. Kipigo, majeraha na vitisho vinavyoambatana nalo vinashtakiwa, na ukatili wa aina hiyo ni sababu inayokubalika ya kuomba talaka.

Anataka kuondoka. Nimsaidie kupanga vipi?

Taratibu, na kimya. Siku za hatari zaidi mara nyingi ni zile anapoondoka na zile zinazofuata, kwa sababu mwenye kupiga anaona mkono wake unapoteza kitu. Kwa hiyo usimsukume kuondoka leo kwa hasira yako wewe.

Anza na karatasi: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, kadi ya bima, hati au risiti za kiwanja. Kama asili haziwezi kutoka nyumbani bila kuonekana, picha za simu zitumwe kwako na zifutwe kwake. Mfuko mdogo wenye nguo za watoto na nauli ukae kwa jirani au dukani kwa mtu anayeaminika. Kubalianeni neno la siri. Dada mmoja alikuwa akimtumia jirani ujumbe, "Una kitunguu?" Jirani alijua akisoma hivyo aje na watu, asije na kitunguu.

Simu ndiyo inayowaangusha wengi. Mume anayejua namba ya siri ya simu ya mkewe anaona ujumbe, miamala ya M-Pesa, na wakati mwingine mahali alipo. Akiondoka na simu hiyohiyo, ameondoka na mume.

Nyumba salama zipo lakini ni chache, na anwani zake hazitangazwi. Njia ya kufika huko ni kupitia Dawati au ustawi wa jamii.

Akiondoka atapoteza watoto na nyumba?

Si lazima. Mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba ni vema awe na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Baba anaendelea kudaiwa matunzo.

Kuhusu mali, wanawake wengi wanaamini kwamba bila risiti yenye jina lao hawana chao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Kiasi cha mgawo kinategemea ushahidi, kwa hiyo ajenge kumbukumbu zake: nani alisimamia mafundi, hela ya vicoba ilinunua mabati mangapi.

Kabla ya kuomba talaka huwa inahitajika kupitia baraza la usuluhishi la ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Wanawake wengi wanaogopa kukaa meza moja na mpigaji. Sheria ina njia za kutokea: mume akiitwa akakaidi kuja, au mazingira yakiwa si ya kawaida kiasi kwamba usuluhishi hauwezekani, mahakama inaweza kupokea shauri bila hati hiyo. Hata Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri ya ndoa, hapohapo jirani.

Familia mbili zimekaa, zimelipana, wanataka kesi ifutwe. Inawezekana?

Kesi ya ubakaji inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Soma jina hilo tena: si familia ya fulani dhidi ya fulani. Mwenye kuamua kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na baba aliyepokea ng'ombe wawili hana mamlaka hayo. Makosa madogo ya kushambuliana, mahakama yenyewe inaweza kuhimiza wapatane. Kubaka, kulawiti na kujeruhi vibaya si vya kupatanishwa chini ya mwembe.

Kinachotokea kweli ni kibaya zaidi ya kufuta. Familia inapokea hela, haisemi kitu, kisha siku ya kesi shahidi hatokei, au anatokea na kusema amesahau. Hakimu anamwachia mtuhumiwa. Binti anabaki mtaani na mtu aliyelipa. Nikiitwa kwenye vikao hivyo huwa nauliza swali moja tu: katika hela hii, binti mwenyewe amepewa ngapi? Sijawahi kupata jibu zuri.

Baada ya siku tatu tumemwona mtuhumiwa gengeni. Wamehongwa?

Huenda ni dhamana tu. Dhamana ni haki katika makosa mengi, na si kuachiwa huru. Kama anawatisha, toeni taarifa ya vitisho hivyo polisi na mwambieni mwendesha mashtaka, ili aiombe mahakama iifute au iweke masharti. Msimjibu gengeni.

Hakukuwa na shahidi. Mahakama itamwamini?

Inaweza. Kwa makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inaruhusu kumtia mtu hatiani kwa maelezo ya aliyetendewa peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwake. Adhabu si ndogo: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ubakaji kwa kawaida huanzia miaka 30, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha.

Kinachoniuma ni kesi zinazoanguka kwenye rufaa baada ya miaka, kwa mambo ambayo yangerekebishwa siku ya kwanza. Nitaje yanayojirudia.

Umri. Hati ya mashtaka inasema binti ana miaka 14, halafu hakuna aliyeuthibitisha. Leteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, au mzazi asimame aseme alimzaa lini.

Ahadi ya mtoto. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima aahidi kusema kweli na kutodanganya, na ahadi hiyo iandikwe. Hakimu akiiruka, ushahidi wote unaweza kuondolewa. Mwanasheria au afisa ustawi aliyepo aangalie hilo.

PF3 yenyewe. Ikipokelewa kama kielelezo, inatakiwa isomwe kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, inaweza kutupwa nje.

Na lugha. Mabinti zetu hufundishwa kutotaja maungo, basi kizimbani wanasema "alinifanyia tabia mbaya." Mahakama ya Rufani imekuwa ikielewa kwamba hivyo ndivyo watu wetu wanavyosema, lakini usitegemee huruma hiyo. Kabla ya siku ya kesi, mtu anayemwamini amsaidie kuzoea kusema kilichotokea kwa maneno yake, waziwazi. Kumzoesha kusema si kumpangia la kusema. Ukianza kumpangia, wakili wa upande wa pili atakuumbua wewe na yeye.

Ni mtoto, na mama yake ananiomba ninyamaze. Nifanye nini?

Hapa uamuzi si wa mama wala si wako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali ya mtaa. Piga 116, au nenda kwa afisa ustawi. Mara nyingi mama ananyamaza kwa sababu mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba, kwa hiyo usimwendee kama adui. Muulize nani atalisha watoto mwezi huu, na lipeleke swali hilo pamoja na taarifa.

Usimhoji mtoto mara kumi. Msikilize mara moja, andika maneno yake, waachie waliofunzwa. Na usidhani ni mabinti tu: wavulana wanalawitiwa madrasa, mabweni na majumbani, na kulawiti mtoto ni kosa la kifungo cha maisha. Mvulana aliyeacha ghafla kutaka kwenda mahali alipokuwa akipenda kwenda anakuambia kitu.

Kama binti amepata mimba, shule haijafungwa kwake. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi kwenye shule rasmi. Na anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016.

Si Sheria ya Ndoa inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa?

Iliandikwa hivyo mwaka 1971: 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana ni 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alivipinga vifungu hivyo mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019 kwamba vinakiuka Katiba. Ukiona posa ya mtoto inaandaliwa, toa taarifa kabla ya mahari kuliwa. Ikishaliwa, kila mtu ana sababu ya kunyamaza.

Na ukeketaji?

Kwa aliye chini ya miaka 18 ni jinai, kifungo miaka 5 hadi 15. Mkoani Mara, likizo ya Desemba ndiyo ya kuangalia, na nyumba salama za Mugumu na Butiama huwapokea wasichana wanaokimbia msimu huo. Taarifa inayosaidia ni ya Novemba.

Mhadhiri anataka ngono ndipo ampe alama. Mwingine anatishiwa picha zake za utupu.

La kwanza ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi ujumbe, usifute hata ule wa aibu, piga 113, na msikilize afisa kabla ya kupanga mtego wako mwenyewe.

La pili, usilipe. Anayelipa mara moja hudaiwa tena. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na vitisho, kisha nenda Dawati na uombe kitengo cha makosa ya mtandao.

Wanaume wanaopigwa mnawasaidia?

Ndiyo. Dawati linapokea wote. Wanakuja wachache, wanaanza kwa mzaha, na mzaha huo ndio wa kuuheshimu: usicheke zaidi ya alivyocheka yeye.

Tunaweza kuzuia vipi kabla halijatokea? Semina zimetuchosha.

Zimenichosha na mimi. Fulana za Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, nimejaza sanduku. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16, wanawake 40 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepata kipigo tangu wafike miaka 15. Kinachonisumbua zaidi ni takwimu nyingine ya utafiti huohuo: wanawake 58 kati ya 100, kwa wanaume 40 kati ya 100, walikubali kwamba kuna walau sababu moja inayomruhusu mume kumpiga mke, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Maana yake mtu wa kwanza kuambiwa, mara nyingi, ni mtu anayeona kipigo kilikuwa na sababu.

Ndiyo maana naamini kazi ya kinga ni kumbadilisha huyo. Kampala walijaribu mpango unaoitwa SASA!, jina walilolichukua kwenye Kiswahili chetu. Hawakuleta wataalamu wa kuhutubia. Waliwafunza watu wa mtaani, askari, wahudumu wa afya na viongozi wa dini, nao wakazungumza na majirani kwa miaka, kuhusu nani ana nguvu nyumbani na anaitumiaje. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kipigo cha wenzi kilikuwa pungufu kwa 52% kulinganisha na mitaa ambako mpango haukufika. Mwanza nako, wanawake wa vikundi vya mikopo waliopewa vipindi 10 vya mazungumzo walipigwa kidogo kuliko wenzao waliopata mkopo peke yake.

Kwa hiyo kama una hela ya turubai na muziki, nunulia vikundi vya vicoba chai ya wiki kumi. Kata yenu inatakiwa iwe na kamati ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Muulize mtendaji ilikutana lini mara ya mwisho, na uombe muhtasari.

Niko Zanzibar. Niko Kenya.

Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, na Sheria ya Mtoto ya 2011. Anzia kituo cha Mkono kwa Mkono au ofisi ya ustawi ya wilaya. Kenya wana Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 na, kinachonitia wivu, Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, ambayo inamwezesha mtu kupata amri ya ulinzi mahakamani. Fomu yao ni P3 na simu ni 1195. Saa 72 ni zilezile kote.

Nilimhangaikia wiki tatu, sasa karudi kwa mumewe. Nimekasirika, sitaki hata kumwona.

Kasirika, lakini kwako, si mbele yake. Wengi huondoka na kurudi zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja. Anarudi kwa sababu ada ya shule imefika, au mtoto analilia baba, au kaka yake amemwambia nyumba imejaa. Ukimwambia "usinitafute tena," umemfanyia mume kazi aliyokuwa akiihangaikia, ya kumtenga na watu.

Mpigie baada ya siku chache kwa jambo la kawaida kabisa, mchicha au harusi. Usiulize. Akitaka atasema. Kwangu bado kuna mfuko wa kaki wa dada mmoja, una vyeti viwili vya kuzaliwa na shilingi elfu kumi na tano. Alirudi kwake mwaka jana. Hajauomba, nami sijaurudisha.